KURUDIA MTIHANI SI AIBU, LAKINI TUULIZANE KWANZA

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu, Lushoto, 2025

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wetu wa kijiji na kata,
Viongozi wa dini zote,
Walimu, wazazi na marafiki wa kikundi,
Akina mama wenzetu,

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 25. Hatukuwa na jengo wala meza. Tulikuwa na mkeka, sanduku moja lenye kufuli tatu, na wenzetu watatu wa kushika funguo. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000/=. Wapo waliotucheka wakasema huo ni upatu tu uliovalishwa nguo mpya, utavunjika kabla ya mavuno ya viazi. Leo tupo hapa miaka 10. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tunawaombea pumziko jema, maana sanduku hili lina jasho lao pia.

Mambo ya fedha mweka hazina ameshayasoma, na mmepiga makofi. Sasa sisi tumepewa nafasi tuseme neno la Mwenyekiti. Wengi mnategemea tuzungumzie mikopo, kabichi na karoti. Hayo mnayajua kutuzidi. Leo tunaomba kuzungumzia jambo ambalo limetusumbua ndani ya kikundi kuliko deni lolote, nalo ni mtihani. Kwa usahihi zaidi ni swali hili: mtu akishindwa mtihani wa kumfungulia mlango wa chuo, je, arudie au asirudie? Na sisi tunaomkopesha tufanyeje?

Mtashangaa, kikundi cha kuweka na kukopa kina nini na mitihani? Basi tusikilizeni.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi kilipoanza, karibu sote tulikuwa tumeishia darasa la saba. Enzi zetu hizo nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Darasa zima lilikuwa linaweza kufanya mtihani wasichaguliwe hata wawili, na msichana akibaki, jembe lilikuwa linamsubiri mlangoni. Kwa hiyo tulijua kuhesabu fedha mkononi, lakini daftari la hisa, daftari la mikopo, riba na faini, hayo yalitushinda. Tukamchukua binti wa mwenzetu mmoja awe katibu. Yeye alikuwa amefika kidato cha nne. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na hesabu za kikundi hazikumpotea hata shilingi. Jina lake hatulitaji hapa kwa sababu yeye mwenyewe ametuomba tueleze habari zake, lakini tusilitaje jina.

Binti huyu alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Wenye watoto wa mwaka ule wanakumbuka. Matokeo yalitoka Februari 2013, na nchi nzima ililia. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Na yeye akiwa mmoja wao. Mama yake alituambia kwamba siku ile alikaa jikoni mpaka moto ukazimika, hakuna aliyepika. Halafu serikali ikaunda tume kuchunguza, na Mei 2013 ikatangazwa bungeni kwamba matokeo yale yanafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Matokeo mapya yalipotoka, binti akawa na daraja la nne: D ya Kiswahili na D ya somo la dini.

Sasa mtu wa miaka 18 anaambiwa Februari kwamba hana kitu, halafu kabla ya miezi sita anaambiwa anacho kidogo. Moyo wake unabaki hapo katikati. Majirani nao hawakusaidia. Wengine walisema, "Hata hiyo D amepewa." Maneno kama hayo huingia mwilini yakakaa.

Akina mama wenzetu, mwaka wa kwanza wa kikundi ulipoisha, tulipogawana, tuliona jinsi binti alivyopanga hesabu zetu. Tukasema, huyu akienda chuo cha biashara, atatufaa sisi na atajifaa mwenyewe. Tulikuwa tumesikia habari za Chuo cha Elimu ya Biashara, kile cha CBE kilichoanzishwa mwaka 1965 pale Dar es Salaam, na habari za Chuo cha Ushirika Moshi. Tukaelezwa kwamba kuingia ngazi ya cheti, ambayo ndiyo ngazi ya kwanza, anatakiwa awe na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yaani D nne au zaidi. Yeye alikuwa nazo mbili. Basi arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Uamuzi ule tuliufanya kwa dakika tano. Tulipiga makofi, tukaimba, tukafungua sanduku. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Na hapo ndipo tulipokosea, na kosa ni letu, si la mtu mwingine.

Tulimpa mkopo wa shilingi 200,000/= kwa masharti yale yale ya mkopo wa kabichi: riba ya shilingi 10 kwa kila 100, marejesho ndani ya miezi mitatu. Jamani, kabichi ukiipanda baada ya miezi mitatu unaipakia kwenye lori inashuka Mombo. Lakini mtihani unajiandikisha mwanzoni mwa mwaka, unaufanya Novemba, na matokeo unayapata mwakani. Mtu atarejesha nini mwezi wa nne? Mama yake aliuza mbuzi wawili kulipa deni la sanduku, na sisi tukaandika kwenye daftari kwamba amelipa vizuri. Tulimsifu hata. Leo tunaona aibu kulisoma.

Si hilo tu. Kazi ya ukatibu tulimwachia. Kuchota maji, kuni na shamba vilikuwa vile vile. Tena Novemba huku kwetu ni mvua za vuli, kila jembe liko shambani. Alisoma usiku akiwa amechoka, masomo saba peke yake bila mwalimu, na nusu ya muda wake aliumaliza kwenye Hisabati, kwa sababu sisi tulimwambia, "Biashara ni Hisabati, bila hiyo huendi popote." Nani alituambia? Hakuna. Tulijisemea tu.

Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa 2017, katika masomo saba alipata moja tu jipya, D ya Uraia. Hisabati ilibaki F.

Alikaa wiki tatu bila kuja kikundini. Daftari alilituma na mdogo wake.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapo ndipo tuliitisha ule mkutano ambao wanachama wa siku nyingi mnaukumbuka. Ulianza saa nane mchana, ukaisha giza limeingia. Ajenda ilikuwa moja: arudie tena au aache?

Mwenzetu mmoja, mtu mzima anayeheshimika, alisema, "Mtihani umeshamkataa mara mbili. Mti ukikataa kushika udongo, hamishia jembe kwingine." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa fedha za wajane zilizomo sandukuni. Mwingine akajibu, "Jembe likigonga jiwe, hatutupi jembe. Tunalitoa jiwe." Tukapiga makofi upande huu, tukapiga makofi upande ule. Mwe! Kama mpira wa miguu.

Ndipo mama yake, ambaye alikuwa amekaa kimya muda wote, akasimama. Akasema, "Mnazungumza juu ya mwanangu kama mnazungumza juu ya mbolea. Yeye yuko nyumbani, hatua mia moja kutoka hapa. Kuna aliyemwuliza?"

Tulinyamaza. Kweli hakuna aliyemwuliza. Si mwaka uliopita, si siku ile.

Tukamwita. Alikuja, akatuamkia, akakaa chini. Tukamwuliza, "Mwanetu, wewe mwenyewe unataka kurudia?" Alikaa muda mrefu akitazama mkeka. Halafu akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Mama zangu, sijui kama ninataka kurudia, au ninataka tu aibu iishe."

Akina mama, hapa ndipo penye kiini cha hotuba yetu yote. Mtu anaweza kurudia mtihani kwa sababu anautaka ule mlango ulioko mbele. Au anaweza kurudia kwa sababu anakimbia maneno yaliyoko nyuma. Kwa nje watu hawa wawili wanafanana. Wote wamejiandikisha, wote wamenunua kalamu. Lakini anayekimbia hatazami anakokwenda. Na sisi tulikuwa tumemsukuma akimbie.

Tulikubaliana siku ile kwamba hatutaamua. Tulijipa muda, tukajiwekea maswali manne. Maswali haya hatukuyatoa kwenye kitabu, yametokana na makosa yetu. Tunaomba tuyasome polepole ili yaandikwe kwenye kijitabu hiki, pengine yatamfaa mtu.

Swali la kwanza: Mlango wenyewe unataka nini?

Tulikuwa tumemkopesha mtu fedha bila kumpigia simu mwenye mlango. Safari hii katibu alipiga simu chuoni mbele yetu, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu, sote tunasikia. Aliuliza mambo matatu. Jibu la kwanza: kozi ile ya cheti haikudai lazima Hisabati, ilidai masomo manne yaliyofaulu. Jibu la pili: wanakubali kuunganisha matokeo ya mitihani zaidi ya mmoja. Jibu la tatu ndilo lililotutoa jasho: masomo manne hayo ni yasiyo ya dini.

Mnaelewa maana yake? Sisi tulidhani ana masomo matatu na amebakiza moja. Kumbe yanayohesabika ni mawili tu, Kiswahili na Uraia. Kama tungempeleka kwenye mtihani akapata lile moja, tungefanya sherehe, tungeuza mbuzi wengine wa nauli, na angerudishwa getini. Somo la dini lina thamani yake, na viongozi wetu wa dini mliopo hapa mtuelewe. Ni taratibu za kuingia chuo tu zinazolihesabu kando. Fundisho letu ni kwamba taratibu hutofautiana chuo kwa chuo, kozi kwa kozi, na hubadilika. Uliza wewe mwenyewe, mwaka ule ule unaotaka kwenda. Usiulize kwa jirani.

Swali la pili: Umepungukiwa na nini hasa?

Kusema "nilifeli" hakutoshi. Mgonjwa akienda hospitali akasema "naumwa", daktari humwuliza wapi. Tulimwomba mwalimu mmoja mstaafu wa hapa kwetu akae na binti, wapitie somo kwa somo. Mwalimu akagundua kwamba Historia na Baiolojia anazijua, ila hajui kujibu. Anaulizwa "eleza sababu", yeye anataja sababu bila kuzieleza. Tena kwa Kiingereza, lugha ambayo huku milimani mtoto akitoka shule harudi nayo nyumbani. Nyumbani ni Kisambaa, sokoni ni Kiswahili. Hisabati ilikuwa na tatizo la mizizi, tangu kidato cha kwanza. Kwa hiyo mwalimu akasema, Hisabati iwekwe kando kwanza, si kwa sababu haina maana bali kwa sababu siyo inayofunga mlango huu.

Swali la tatu: Safari hii nini kitabadilika?

Hili ndilo swali kubwa. Ukipanda mbegu ile ile, kwenye udongo ule ule uliochoka, bila mbolea, utavuna kile kile. Anayerudia mtihani bila kurudia maandalizi anarudia kushindwa tu. Binti alijibu kwa ukweli kwamba mwaka ule wa 2017 hakuna kingebadilika, maana mama yake alikuwa mgonjwa. Basi hakujiandikisha. Ulipita mwaka mzima bila mtihani, na watu walisema amekata tamaa. Hakukata tamaa. Alikuwa anafundisha wenzetu wawili kuandika madaftari ya kikundi ili apate nafasi. Wenzetu hao ndio katibu na katibu msaidizi mnaowaona leo.

Ilipofika 2018 tulikuwa na jibu. Ukatibu ulikuwa umechukuliwa. Siku mbili kwa wiki alikwenda kwa mwalimu. Siku hizo sisi tulipeana zamu shambani kwa mama yake, watano watano. Tulinunua taa ya jua. Alitafuta karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, akazijibu kwa kupima muda kwa saa. Na alijiandikisha masomo machache tu badala ya saba.

Swali la nne: Usipofaulu, itakuwaje?

Swali hili baadhi yetu hatukulipenda. Tulisema ni uchuro. Lakini mkopaji wa viazi tunamwuliza, "Mvua ikizidi utalipa nini?" Kwa nini wa mtihani tusimwulize? Binti alijibu kwamba asipofaulu safari hii hatarudia tena kwa fedha ya kikundi, ataomba mkopo wa duka la mahitaji ya shule, na maisha yataendelea. Alipolisema hilo kwa sauti, tuliona mabega yake yameshuka. Mtihani ulikuwa umerudi kuwa mtihani, si hukumu ya maisha.

Na sisi tukabadilisha masharti. Nusu ya fedha ilitoka mfuko wa jamii kama msaada. Nusu ilikuwa mkopo usio na riba, marejesho kuanza baada ya mtu kupata kipato. Mbuzi asiuzwe.

Novemba 2018 alifanya mtihani. Mvua ilinyesha siku zote zile, na kituo kilikuwa mbali kwa miguu. Wenzetu wawili walimsindikiza kila asubuhi, wakamsubiri nje.

Ndugu Mgeni Rasmi, matokeo yalitoka Januari 2019. Kiswahili kilipanda kikawa C. Historia D. Baiolojia D. Jiografia ilikataa. Ukiunganisha na Uraia ya kwanza, ni masomo manne. Manne kamili, hakuna la ziada hata moja.

Tunajua wapo hapa waliosoma zaidi yetu, na kwao D tatu na C moja si habari ya kusimulia kwenye sherehe. Kwetu ilikuwa habari. Alikwenda chuo mwaka ule ule, akasoma cheti cha uhasibu. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona alirudi nyumbani na madaftari yake, vilipofunguliwa Juni akarudi. Akamaliza, akaunganisha stashahada. Leo anatunza hesabu mahali pa watu na analipwa mshahara. Deni la kikundi alimaliza kulilipa mwaka 2023. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipotutaka vikundi vya kijamii kusajiliwa, vikundi vingi vilihangaika kuandika katiba na kupanga hesabu. Sisi yeye alitukalisha Jumamosi tatu mfululizo, tukamaliza. Kwa hiyo mkishangaa kwa nini tunazungumzia mtihani kwenye sherehe ya sanduku, ni kwa sababu bila mtihani ule sanduku lingekuwa na matatizo.

Lakini ngojeni, hotuba haijaisha, na hatutaki mtu aondoke hapa na nusu ya maneno.

Alikuwapo binti mwingine, naye wa kidato cha nne mwaka ule ule wa 2012, naye ni mtoto wa mwanachama. Mwaka 2019, baada ya kuona mwenzake amefaulu, baba yake alimbana arudie. Tukamwita, tukamwuliza maswali yale manne. Alipofika swali la tatu alicheka, akasema, "Mama zangu, hakuna kitakachobadilika, kwa sababu mimi kusoma sipendi. Napenda kuuza." Alikuwa anasema kweli. Tulimkopesha mtaji wa matunda. Msimu wa plamu unapoanza, karibu na Desemba, yeye ananunua kwa wakulima wadogo, anachambua, anapanga kwenye makasha, anashusha Mombo na kupeleka Dar es Salaam. Plamu zikiisha anahamia peasi na parachichi. Mwaka mmoja alipata hasara kubwa, mzigo uliozea barabarani. Akasimama tena. Hakurudia mtihani, na hakuna aliyekosea.

Kwa hiyo wazazi, tunawaomba. Tusimrudishe mtoto kwenye chumba cha mtihani ili sisi tupate la kusema kwa majirani. Na tusimzuie anayetaka kurudia kwa sababu tumechoka kumsikia. Kurudia si aibu, kuacha si uvivu. Aibu ni kuamua bila kuuliza.

Kuna jambo lingine la kuwaambia mabinti mliopo hapa. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwamo waliopata ujauzito, warudi kusoma. Ipo pia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, ambayo inaendesha masomo ya sekondari nje ya utaratibu wa kawaida. Na ambaye hakusoma sekondari kabisa upo Mtihani wa Maarifa, wengi wanauita QT. Ukifaulu huo ndipo unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mlango haujafungwa. Umesogezwa tu, inabidi utafutwe.

Na hapa, akina mama wenzetu, tunamalizia kwa jambo ambalo wengi wenu hamlijui.

Mwaka 2023 wawili kati yetu, watu wazima wa darasa la saba, tulijiandikisha Mtihani wa Maarifa. Tulikwenda kimya kimya. Tuliogopa wajukuu watatucheka. Tulikaa kwenye chumba kimoja na watoto wanaoweza kuwa wajukuu zetu, na miwani puani. Mmoja wetu alifaulu. Yupo pale, amevaa kanga ya kijani, msimameni mkamtazame. Wa pili hakufaulu. Wa pili ndiye huyu anayewasomea hotuba hii.

Mwekahazina hajui. Watoto wetu wawili tu ndio wanaojua. Tulipopata matokeo tulifanya kama binti yule alivyofanya, tulikaa wiki nzima tukisema tuna mafua.

Sasa mwanzoni mwa mwaka kujiandikisha kutafunguliwa tena, na tunapaswa kuamua. Tumejiuliza maswali yetu wenyewe. La kwanza tunalo jibu: tunajua mlango unataka nini. La pili tunalo: Kiingereza, tena sana. La nne tunalo: tusipofaulu, sisi ni Mwenyekiti, ni bibi, viazi vyetu vitaendelea kuota. Lakini la tatu, nini kitabadilika, bado hatujalijibu. Mikutano ni ile ile, shamba ni lile lile, wajukuu wameongezeka. Tukilijibu kwa ukweli mtatuona tukijiandikisha. Tusipolijibu hatutajiandikisha mwakani, na msiseme Mwenyekiti ameogopa. Semeni amejiuliza.

Tunachoomba ni kimoja. Mwakani mkitukuta njiani na daftari kwapani, msiulize, "Mama, kwa umri huu wa nini?" Ulizeni, "Mama, Jumanne tukusaidie zamu ya shamba?"

Ndugu Mgeni Rasmi, tunawashukuru wote mliotusaidia katika miaka hii 10: waliotupa mahali pa kukutania, walimu waliofundisha mabinti zetu bila malipo, waume waliobaki na watoto siku za mikutano, na wenzetu watatu walioshika funguo bila kupoteza hata moja. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Mungu aibariki Lushoto, aibariki milima yetu ya Usambara, aibariki Tanzania.

Kikundi chetu, hoyee!
Elimu, hoyee!
Maswali kabla ya makofi, hoyee!